Vitabu vya babu chini ya kitanda: namna ya kuvitunza na kuvipiga picha ukiwa Illasit

Mtu akitaja miswada ya kale ya Kiislamu, akili hukimbilia Lamu, Siyu, Pate au Unguja. Hakuna anayefikiria Illasit, mji wa mpaka chini ya Kilimanjaro, ambako ukipita kizuizi umeshaingia Tarakea ya Tanzania na ukigeuza shingo umeiona njia ya Loitokitok na Kimana. Lakini vitabu havikai vilikoandikwa. Hupanda bara na mwalimu wa madrasa aliyepata kazi, na mfanyabiashara aliyehamia, na binti aliyeolewa mbali, na wajukuu waliogawana vitu vya marehemu na mmoja wao akaangukiwa na sanduku ambalo wenzake hawakulitaka. Na njia hizi si za jana. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield alichapisha maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, na mengi aliyapata kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi. Miaka kumi na mitatu baadaye, mpelelezi Joseph Thomson alipoingia nchi ya Wamaasai, alisafiri pamoja na msafara wa pembe wa Jumbe Kimameta wa Pangani. Biashara ya pembe iliendeshwa kwa mkopo, na mkopo huandikwa.

Basi ikiwa uko Illasit, Loitokitok, Kajiado au Kitengela, na chini ya kitanda kuna sanduku lenye msahafu wa mkono, kitabu cha fiqhi, barzanji iliyochakaa, karatasi za tenzi kwa herufi za Kiarabu au barua za babu zilizokunjwa mara nne, haya yanakuhusu. Huhitaji kuwa mtaalamu, wala huhitaji kungoja mradi kutoka nje. Unahitaji subira, simu nzuri ya wastani, daftari, na moyo wa kukataa mambo kadhaa utakayoshauriwa na watu wanaokupenda.

Acha kwanza kuviharibu

Miswada mingi iliyovuka miaka mia moja ya mchwa na unyevu huja kuuawa kwa upendo. Kijana wa nyumba anaona ukurasa umechanika, anachukua selotepu. Baada ya miaka michache gundi ya selotepu inageuka njano, inapenya kwenye nyuzi za karatasi, na plastiki yenyewe inabanduka ikiacha doa lisilotoka. Mwingine anapeleka saiba karatasi zikawekewe plastiki ya moto pande zote mbili, zipendeze. Hapo karatasi imefungwa kaburini: joto limeipika, na plastiki haiondoki bila kuondoka na wino. Gundi ya mbao, gundi ya viatu na uji wa ngano usiojulikana umechanganywa na nini, yote ni ya kukataa.

Anayeniogopesha zaidi ni fundi mwema wa kujalidi vitabu. Unampa kitabu jalada limeachia, anakirudisha kikiwa kimenyooka na kung'aa. Ili kinyooke amekata kingo zote tatu kwa mashine, na kwenye kingo ndiko walikoandika waliokisoma: sherehe ya mwalimu, jina la mwanafunzi, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto, kumbukumbu ya mwaka wa njaa. Pambizo za kitabu cha chuoni mara nyingi zina historia ya nyumba kuliko matini yenyewe, ambayo huenda inapatikana Cairo au Bombay kwa chapa.

Usivianike juani. Jua la Kajiado hukausha haraka, ndiyo, lakini hukunja karatasi na kupasua ngozi ya jalada. Usifute vumbi kwa kitambaa chenye maji. Wino mweusi wa jadi ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga, na gundi hiyo huyeyuka kwenye maji hata baada ya karne. Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu, ukisukuma vumbi kutoka mshono wa kitabu kwenda nje, polepole, ukurasa mmoja mmoja.

Na mikono? Kwenye picha za mtandaoni utaona watu wamevaa glavu nyeupe. Kwa karatasi, mikono safi na mikavu ni bora, kwa sababu glavu hukunyima hisia na utachana ukurasa bila kujua. Msahafu utaushika kwa udhu kama kawaida. Ukitoka kutawadha, kausha mikono kabisa hadi kwenye kiwiko, kwa taulo, kisha ngoja kidogo. Tone moja kutoka kwenye mkono wa kanzu linatosha kugeuza mstari wa wino kuwa wingu.

Vitabu vikiwa na wadudu, usipulizie dawa ya mende. Weka kila kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, utoe hewa, ufunge, ukitenge na vingine. Mwenye friza inayogandisha kweli anaweza kukiweka humo, kikiwa ndani ya mifuko miwili, kwa muda wa wiki mbili, kisha akitoe na kukiacha ndani ya mifuko siku nzima kabla ya kukifungua ili umande usitue kwenye karatasi. Stima ikiwa inapotea kila siku, njia hii haifai. Endelea kukitenga tu, ukikague na kukipiga brashi.

Kiangalie kama unavyomwangalia mgeni

Kabla ya picha, keti na kitabu. Chagua meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, tandika shuka safi, weka chai mbali. Mambo manne yatakuambia mengi.

La kwanza ni karatasi. Nyanyua ukurasa mmoja uliolegea dhidi ya mwanga. Ukiona mistari ya karibu karibu na katikati yake alama ya miezi mitatu iliyopangwa kutoka mkubwa hadi mdogo, umeshika karatasi ya Italia iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Kiislamu. Ilienea dola ya Uthmaniya, Sudan na bahari yote ya Hindi, na imetumika sana pwani yetu. Alama hiyo haikupi mwaka kamili, lakini inasaidia kukadiria, na inakuonyesha kwamba fundi wa Lamu au Mombasa hakuwa kisiwani peke yake.

La pili, wino. Mweusi mzito unaokaa juu ya karatasi kwa kawaida ni wa masizi. Ukiwa wa kahawia na karatasi inatoboka palepale herufi zilipo, ni wino wa chuma, unaokula karatasi kutoka ndani. Kurasa za namna hiyo zifunguliwe mara chache iwezekanavyo, kwa hiyo anza na hizo kuzipiga picha.

La tatu ni mpangilio. Pembeni chini ya ukurasa wa kulia utaona neno moja limeandikwa kwa mlazo. Neno hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Waandishi waliliweka kwa sababu hawakutia namba za kurasa. Karatasi zikiwa zimetawanyika sandukuni, hiyo ndiyo kamba ya kuzifunga tena: soma neno la chini, tafuta karatasi inayoanza nalo. Mtoto wa madrasa mwenye macho mazuri hufanya kazi hii haraka kuliko profesa, na huipenda.

La nne, nenda mwisho wa kitabu. Mara nyingi mwandishi ameacha mistari inayopungua upana kwenda chini, mfano wa pembetatu: jina lake, la baba yake, mji, siku, mwezi na mwaka wa Hijria. Kuupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1317 unakupa karibu 1899 au 1900. Tangu hapo kitabu kina umri, na umri hubadilisha namna watu wa nyumbani wanavyokitazama. Angalia pia ndani ya jalada la mbele. Huko ndiko wenye kitabu walikoandika umiliki wao, na huko ndiko utakakokuta neno wakfu, nitakalolirudia.

Usichague vitabu vya dini tu. Watu wengi huokoa msahafu na kuacha "makaratasi". Msahafu una heshima isiyo na kifani, lakini matini yake imehifadhika vifuani na kwenye chapa. Barua ya deni, hati ya shamba, mapishi ya dawa, utenzi wa bibi ambaye jina lake halijatajwa popote: hivyo vikipotea havina nakala. Barua za kale kabisa za Kiswahili tunazozijua ziliandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa sababu Wareno walikuwa na tabia ya kutotupa barua. Zilikuwa ni barua za shughuli tu.

Mahali pa kulala

Pwani adui ni unyevu. Huku ni vumbi, na joto linalopanda na kushuka. Nyumba ya mabati chini ya Kilimanjaro huwa tanuri saa nane mchana na jokofu alfajiri, na karatasi hunywea na kutanuka pamoja nayo kila siku. Ngozi ya jalada iliyozoea hewa ya bahari hupasuka ikikauka ghafla. Kwa hiyo anayeleta kitabu kutoka Mombasa asikifungue siku ileile na kukiweka rafuni. Akiache ndani ya kitambaa na sanduku lake kwa wiki kadhaa, kizoee polepole.

Shida hii ya kuhamisha vitabu iliwapata hata wenye maktaba kubwa. Mwaka 2012 wapiganaji walipoiteka Timbuktu, wenye maktaba, Abdel Kader Haidara akiwa mbele, walitorosha miswada kwa mamia ya maelfu hadi Bamako, mingi ndani ya masanduku ya bati, kwa magari na mitumbwi. Moto wa Januari 2013 katika Taasisi ya Ahmed Baba uliunguza sehemu ndogo tu. Lakini Bamako ina unyevu kuliko jangwani, na waliookoa vitabu kutokana na moto wakaanza kuhangaikia ukungu. Kuhamisha kitabu ni kubadilisha adui.

Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni ni chombo kizuri, usilidharau. Panya haliwezi, mchwa haliwezi, vumbi hupungua. Liweke chumba cha ndani, si ukuta unaopigwa na jua la jioni, si jirani na jiko, na liinuliwe kutoka sakafuni kwa matofali au mbao. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia sehemu za Kitengela ambazo watu walidhani ni kavu milele. Waliokuwa na vitu vyao juu ya kabati walisalimika zaidi.

Ndani ya sanduku, funga kila kitabu peke yake kwa kitambaa cha marekani ambacho hakijatiwa rangi. Kichemshe kwanza kwa maji matupu ili wanga utoke, kisuuze, kikauke sawasawa. Usitie sabuni ya manukato wala dawa ya kulainisha nguo. Vidonge vya nondo havifai, vina sumu kwa mtu na harufu yake haiachi karatasi. Vitabu vilale, visisimamishwe, kikubwa chini kidogo juu, visizidi vitatu au vinne kwa rundo. Gazeti lisiguse mswada, maana asidi yake huhamia kwa jirani.

Mswada ukilowa, kwa mvua au bomba, usiufungue kwa nguvu. Ulaze kwenye taulo kivulini, mahali pa upepo. Kurasa zinazofunguka zenyewe, weka kati yake karatasi nyeupe ya kunyonya maji isiyo na maandishi, uibadilishe kila ikilowa. Zilizoshikana ziache zishikane. Ukungu ukitokea, vaa barakoa, ngoja ukauke, kisha upige brashi nje ya nyumba.

Picha

Sasa simu. Usitumie mashine ya skana ya saiba, ile ya kulaza kitabu kifudifudi na kukandamiza kifuniko. Huvunja mgongo wa kitabu mara moja. Usitumie pia programu za simu zinazogeuza ukurasa kuwa mweupe kama risiti. Zinafuta yale hasa unayoyatafuta: maandishi yaliyofifia, doa la mafuta ya taa, wino mwekundu wa vichwa, alama ya karatasi. Tumia kamera ya kawaida ya simu, lenzi kuu, bila kuvuta karibu, bila mmuliko.

Hesabu ni hii. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukurasa wa ukubwa wa A4 ukijaza fremu, unapata zaidi ya nukta 300 kwa inchi, kiwango ambacho miradi mikubwa ya miswada hukitumia kama cha chini. Kwa hiyo simu nyingi za leo zinatosha, mradi ukurasa ujaze fremu na mkono usitikisike. Mkono utatikisika. Mwambie fundi mbao akutengenezee mkono wa ubao unaotoka kwenye nguzo, wenye tundu la kuweka simu ikitazama chini wima. Tumia kipima saa cha sekunde mbili, au kitufe cha sauti cha earphone zenye waya, ili usiguse simu wakati wa kupiga.

Mwanga bora ni wa dirisha lenye kivuli, asubuhi. Tundika shuka jeupe upande wa pili ili kivuli cha mkunjo kipungue. Ukianza na mwanga wa dirisha, umalize nao. Usichanganye na taa ya chumba, rangi zitakudanganya. Weka rula pembeni ya ukurasa wa kwanza wa kila kikao, na karatasi nyeupe kando yake, ili atakayekuja ajue vipimo na rangi halisi.

Kitabu cha kale hakifunguki chote. Usikilazimishe kulala bapa. Kunja taulo mbili ziwe kabari, moja kila upande, kitabu kikae kama kwenye marufaa, kikifunguka nyuzi tisini au mia moja tu. Hapo hutaweza kupiga kurasa mbili pamoja, na ni vizuri usiweze. Piga za upande mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha ugeuze kitabu na kupiga za upande wa pili. Ukurasa ukitaka kuinuka, ushike kwa kijiti laini cha mwanzi pembeni ya maandishi.

Watu huchanganyikiwa hapa, kwa hiyo nieleze kwa utulivu. Kitabu cha Kiarabu huanzia kulia. Ukifungua jalada la mbele, uso wa kwanza wa karatasi ya kwanza uko kushoto kwako: huo ni 1a. Ukiifunua, mgongo wake uko kulia: huo ni 1b, na mkabala wake kushoto ni 2a. Nyuso zote za a huwa kushoto, za b kulia. Zipe picha majina hivi: ILS01_001a, ILS01_001b, ILS01_002a. Herufi ni za mahali, 01 ni kitabu, 001 ni karatasi. Ukishazitia majina namna hiyo, haijalishi ulipiga za kushoto zote kwanza. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa utaratibu wa kusoma. Usiandike namba kwenye mswada. Chomeka vipande vidogo vya karatasi kila karatasi kumi ili usipotee hesabu.

Piga kila kitu: jalada la mbele, mgongo, ndani ya jalada, kurasa tupu, vipande vilivyodondoka, na ule ukurasa wenye miezi mitatu, mara ya pili, ukiwa umeunyanyua mbele ya dirisha. Kurasa tupu zina sababu ya kuwepo, na asiyekuwepo siku hiyo hawezi kujua kama uliruka tupu au uliruka iliyoandikwa.

Picha ya asili usiiguse. Ukitaka kuing'arisha ili mzee aisome vizuri, fanya nakala, uipe jina lingine. Na usiipitishe WhatsApp kama picha, kwa maana itabanwa mpaka herufi ziwe ukungu. Itume kama hati.

Daftari lina thamani kuliko kamera

Picha elfu mbili zisizo na maelezo ni mzigo. Kwa kila kitabu andika: jina lake kama lilivyo ndani, mtunzi, aliyekiandika, mwaka, mji, lugha, idadi ya karatasi, vipimo kwa sentimita, hali yake, na maneno ya umiliki. Kisha andika lile ambalo halimo kitabuni: kilifikaje nyumba hii. Nani alipewa na nani, walitoka wapi, kilikuwa kinasomwa lini, Ramadhani au mfungo sita wakati wa maulidi, nani mara ya mwisho alikisoma kwa sauti. Mzee au bibi anayekumbuka, mrekodi kwa simu, akishika kitabu mkononi. Karatasi ina miaka mingine hamsini mbele yake ukiitunza. Kumbukumbu ya mzee huenda haina mitano. Nikilazimishwa kuchagua kati ya picha na mahojiano kwa wiki moja tu, nitachagua mahojiano.

Ustadi wa kunakili si mgeni kwetu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki miaka ya 1940, alinakili tenzi kwa hati nzuri kwa ajili ya wasomi wa Kizungu, na nyingi kati ya nakala zake leo zimo London na Hamburg. Katika miaka ya 1960 mtafiti J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Wasomi wanazitegemea kazi hizo hadi leo, na sababu mojawapo ni kwamba mtu aliandika kipi kilitoka kwa nani.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta au simu, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya nyumba, ama kwa ndugu wa Kitengela ama kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kitabu cha kurasa 200 kwa picha za kawaida huchukua takriban gigabaiti moja, hivyo gharama si kisingizio. Flashi ni ya kusafirishia, si ya kuwekea. Kila mwaka, tuseme Muharram, fungua picha chache za kila kitabu katika kila nakala uone kama zinafunguka.

Wala usidhani kwamba taasisi kubwa haiwezi kuzimikiwa. Oktoba 2023 British Library ya London ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi zikazimika kwa miezi mingi. Maktaba hiyo ndiyo inayobeba mpango wa nyaraka zilizo hatarini, Endangered Archives Programme, ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Arcadia, na ndiyo iliyofadhili kazi ya kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ikiongozwa na mwanahistoria Anne Bang. Mpango wao una sharti zuri: mswada wenyewe hauondoki nchini, na nakala hubaki kwa wenyeji pia. Ukiwa na nakala nyumbani, London ikizimika wewe unaendelea kusoma.

Nani aone, nani achukue

Si kila picha iende mtandaoni. Masanduku ya zamani yana barua za talaka, madeni, nasaba, hati za kuwaacha watumwa huru, dawa na azima ambazo mganga aliaminiwa nazo. Jamaa za waliotajwa wapo, pengine mtaa wa pili. Gawa mafungu mawili: ya kila mtu, na ya nyumba. Uamuzi uwe wa wakubwa wa ukoo pamoja, wauandike, waweke saini. Kijana mwenye simu asiamue peke yake kwa sababu tu ndiye anayejua nywila.

Lile neno wakfu. Likiwa limeandikwa ndani ya jalada, kitabu kimesimamishwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Huenda kilikuwa cha msikiti fulani wa pwani na kikaazimwa. Kabla ya lolote, muulize kadhi au imamu, na uangalie kama msikiti ule bado upo.

Kurasa za msahafu zilizochakaa kabisa, ambazo desturi ni kuzizika au kuzichoma kwa heshima, zionyeshe kwanza kwa mtu anayejua hati. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta kwenye dari rundo la kurasa chakavu zilizowekwa huko kwa heshima. Baadhi yake ni miongoni mwa kurasa za kale zaidi za Qurani zinazojulikana duniani.

Ukitaka msaada, anzia nyumbani. Makavazi ya Lamu na Fort Jesus, Mombasa, yako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na taasisi ya utafiti wa Uswahili, RISSEA. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, ambako matatu ya Kitengela hufika kabla ya adhuhuri. Walio karibu na Tanzania wana maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Uliza hao kabla ya kutoa mswada nje ya nchi, maana kuna sheria za kutosha.

Atakuja pia mgeni, mwenye kanzu au mwenye suti, atakayesema anataka kuviazima tu akavipige picha mjini kwa mashine nzuri, atavirudisha wiki ijayo. Huenda ni mkweli. Mwambie mashine ije hapa. Akishikilia, mpe karatasi ya kutia saini: orodha ya vitabu kwa namba zako, idadi ya karatasi za kila kimoja, picha ya hali yake siku hiyo, tarehe ya kurudi, namba ya kitambulisho, mashahidi wawili. Mtafiti wa kweli hufurahi kuiona karatasi hiyo, kwa sababu inamlinda yeye pia. Asiyetaka kutia saini, mkaribishe chai, umsindikize hadi stendi, na sanduku libaki na kufuli lake.